Kuilinda Mifupa ya Mgonjwa wa Mashine: Mwongozo kwa Familia za Lamu

Mama yangu alivunjika kifundo cha mkono akiwa amekwisha kufika nyumbani. Hakuanguka katika boti, wala katika ngazi za jeti ambazo sote tulizoea kuziogopa. Alikuwa amesimama dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, mlango umekwisha kufunguliwa, akauachilia ukuta ili avue viatu, na kizunguzungu kikamchukua. Hazikuwa zimepita saa mbili tangu atolewe kwenye mashine ya kusafisha damu, na huo ulikuwa mwaka wake wa saba wa mashine. Anguko lenyewe lilikuwa dogo, la aina ambayo mtu mwenye mifupa mizima huinuka, akajikung'uta vumbi na kuwacheka waliomkimbilia. Kufikia magharibi majirani, kwa wema wao, walikuwa wameleta lita tatu za maziwa, sufuria ya supu ya mifupa na kichupa cha vidonge vya kalsiamu kilichonunuliwa dukani, na vyote vitatu ni vitu ambavyo mgonjwa huyu hakupaswa kupewa kabla ya daktari wake kuulizwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mgonjwa wa namna hiyo, ambaye figo zake zimeshindwa na damu yake husafishwa kwa mashine, na wale wanaoishi naye. Mfupa wa mtu wa mashine huvunjika pale mambo mawili yanapokutana: damu iliyopoteza mizani yake ya madini, na mguu uliokosa pa kukanyaga. Jambo la kwanza hurekebishwa kwa miezi, kwa vipimo na dawa, na familia haiwezi kulifanya peke yake. La pili laweza kuanza kurekebishwa leo kabla ya jua kuzama, kwa msumari, kamba na taa. Familia nyingi, na yangu ilikuwemo, huhangaika na la kwanza kwa kubahatisha vyakula na kuliacha la pili kabisa.

Kinachoula mfupa

Figo nzima hufanya kazi mbili ambazo mfupa huzitegemea. Hutoa fosfati, madini yanayotokana na chakula, iliyozidi kwa njia ya mkojo, na huipitisha vitamini D katika hatua ya mwisho ya kuwa kitu chenye nguvu ya kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Figo zikishindwa, fosfati hulimbikizana katika damu, vitamini D hubaki ghafi, na kalsiamu hushuka. Hapo ndipo zinapoingia tezi nne ndogo zilizo shingoni, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele. Zikihisi kalsiamu inapungua, tezi hizo humwaga homoni inayoandikwa PTH katika karatasi za maabara, na homoni hiyo huenda kuichota kalsiamu kwenye mfupa. Ni mfano wa mtu anayebomoa ukuta wa chumba cha ndani apate mawe ya kutengenezea ukuta unaotazama njiani: kwa muda damu huonekana nzuri, huku nyumba ikidhoofika kwa ndani. Asidi inayojikusanya kwa kukosa figo za kuitoa nayo huuharakisha ubomoaji huo.

Kwa hiyo usemi kwamba Lamu hapakosekani jua, na kwamba anayeota jua hapungukiwi na vitamini D, haumfai mgonjwa huyu. Jua huitengeneza ile ghafi. Wa kuikamilisha ni figo, na figo ndizo zilizokwisha. Ndiyo sababu daktari huandika dawa kama kalsitrioli au alfakalsidoli, ambazo hatua ya figo imekwisha kufanywa kiwandani.

Kuna upande wa pili unaosahauliwa, na hatari yake si ndogo. Mgonjwa akipewa kalsiamu nyingi na vitamini D kali kwa muda mrefu, zile tezi hunyamaza kupita kiasi, na mfupa huacha kujijenga upya. Mfupa ulio hai hupata nyufa ndogo ndogo kila siku na kuziziba, uliolala hauzizibi. Hali hii huonekana zaidi kwa wazee na kwa wenye kisukari. Kalsiamu isiyopokelewa na mfupa nayo hutafuta pengine pa kukaa, ikaganda katika kuta za mishipa ya damu na vali za moyo. Basi wagonjwa wawili waweza kuketi viti vya jirani, wote wawili mifupa yao ni dhaifu, na dawa ya mmoja ikawa sumu kwa mwenziwe. Usimpe mgonjwa wako dawa ya mifupa ya mgonjwa mwingine, hata kama wanatoka mtaa mmoja na wanapanda boti moja.

Miaka nayo ina hesabu yake. Kwa aliyekaa kwenye mashine muda mrefu, ipo protini ndogo ambayo mashine huitoa kwa shida, nayo hujilimbikiza katika viungo na mifupa. Dalili zake ni ganzi ya vidole inayomwamsha mtu usiku na maumivu ya mabega, na pale ilipojikusanya mfupa huweza kufanya matundu. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kuwa nyonga huvunjika kwa watu wa mashine kiasi cha mara nne zaidi kuliko kwa watu wengine. Na nyonga si mfupa wa kuvunjika mtu akazoea: wengi hawaurudii mwendo wao wa zamani, na hatari ya kufariki katika mwaka unaofuata hupanda sana.

Kutoka kitandani pa mashine hadi mlangoni

Saa chache baada ya kusafishwa damu ndizo mbaya zaidi. Mashine imetoa maji, presha imeshuka, misuli imechoka na pengine imekaza. Na mwenye kisukari huongeza miguu isiyoihisi ardhi vizuri na macho yasiyomudu gizani. Siku hiyo inafaa kupangwa kama safari, hata kama kituo kipo mtaa wa pili.

Anzeni pale pale kitandani. Mgonjwa asiteremke mara tu sindano zinapotolewa. Aketi ameteremsha miguu kwa dakika 10 hadi 15, kisha muuguzi ampime presha akiwa ameketi na tena akiwa amesimama. Tarakimu ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, au akiona giza machoni, arudi kuketi, na familia isione haya kwa kuchelewesha kitanda. Kama hali hiyo hurudi mara kwa mara, yapo maswali mawili ya kumwuliza daktari. Je, uzito mkavu, yaani uzito ambao mashine inalenga kumwacha nao, bado ni sahihi? Na je, dawa ya presha ya siku ya mashine imezwe kabla ya kusafishwa au baadaye? Msiiahirishe dawa hiyo kwa uamuzi wenu wenyewe.

Chumvi huingia hapa, ingawa watu hawaihesabu kuwa ni jambo la mifupa. Mgonjwa aliyekula ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na achari huona kiu, kiu humnywesha maji, maji yasiyokuwa na pa kutokea humwongezea uzito wa kilo tatu au nne, na mashine ikilazimika kuzitoa zote katika kikao kimoja presha huanguka, na mwenyewe akaifuata. Nimeliona kwa mama. Siku alizokuja na uzito mdogo alitoka akitembea na kuwaaga wenzake kwa majina. Siku za baada ya harusi alitoka akishikiliwa huku na huku. Anayemshika mgonjwa amshike kwapani au kiunoni, wala asimvute kwa mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa operesheni ili sindano za mashine zipate pa kuingia.

Kisha ipo bahari. Kwa wanaovuka kutoka Mokowe, au wanaokuja kutoka Pate na Faza, ngazi za jeti ni za kuangaliwa kuliko mahali pengine popote. Maji yakijaa, boti hukaa karibu na ngazi za juu na mgonjwa huingia kwa hatua moja. Maji yakipwa, boti huwa chini, na ngazi zilizokuwa zimefunikwa hutokeza zikiwa na utelezi wa mwani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti hiyo huzidi. Maji husogea kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo mgonjwa wa Jumatatu na Alhamisi atakuta kuwa Alhamisi yamechelewa kwa kama saa mbili na nusu kuliko yalivyokuwa Jumatatu. Kila mvuvi wa mtaani anayo hesabu hiyo kichwani. Mwulizeni, muiandike katika kalenda ya mashine, na siku ambayo maji yatakuwa yamepwa saa ya kurudi, ombeni zamu nyingine au subirini hadi yapande.

Kama hapana budi kuteremka kwenye maji ya kupwa, boti iegeshwe ubavu kwa ngazi na ifungwe kamba mbele na nyuma, si kushikwa kwa mkono wa baharia mmoja anayezungumza na simu. Mtu mmoja atangulie ndani ya boti, na mgonjwa ateremke akizielekea ngazi, kama mtu anayeshuka ngazi ya dari, huku mtu wa pili akimshika kutoka juu. Wanawake walipandishe buibui na kulifunga kwa leso kiunoni kabla ya ngazi ya kwanza, kwa kuwa pindo refu lililolowa humwangusha mzima, sembuse aliyetoka kwenye mashine. Nahodha aambiwe waziwazi kuwa huyu ni mgonjwa wa mashine. Sisi tulilificha jambo hilo mwaka mzima kwa kuona haya, na tulipolisema nahodha akawa ndiye wa kwanza kutushauri juu ya saa za maji.

Vichochoroni punda wenye mizigo hawasimami wala hawapishi. Mgonjwa akiwasikia, aingie katika daka lililo karibu, aegemee ukuta, na asubiri wapite wote.

Ndani ya nyumba ya mawe

Nyumba zetu za kale zilijengwa kwa ajili ya upepo na stara, na anayeumwa mifupa hakufikiriwa. Ngazi zake ni za wima, kimo cha kidato kimoja hakilingani na cha pili, mara nyingi hazina pa kushika, na zipo katika sehemu yenye giza kuliko zote. Njia iliyo bora ni kumhamishia mgonjwa chini. Ila mwenye kutoa ushauri huu ajue anachokisema: katika nyumba ya namna hii watu hukaa juu, na chini ni mahali pa stoo. Mama alikataa kwa miezi, akisema kwamba hajafika umri wa kulala na magunia. Tulikubaliana kwamba atalala chini usiku wa siku za mashine tu, na mwishowe mwenyewe akachoka kupanda.

Penye ngazi ambazo hazikwepeki, fungeni kamba nene ya jahazi ukutani, kimo cha kiuno, ikishikwa na pete za chuma kila baada ya hatua mbili na ikiwa imekazwa, kwa kuwa kamba inayolegea ni mbaya kuliko kutokuwa na kamba. Fundi wa mashua huifanya kazi hii kwa nusu siku. Ukingo wa kila kidato upakwe chokaa nyeupe ili macho dhaifu yaone mwisho wake, na taa iwe na swichi juu na chini. Mikeka na mabusati yanayoteleza juu ya sakafu yaondolewe au yagandishwe. Na kwa sababu mama alianguka akivua viatu, dakani kwetu sasa kuna kiti, na hakuna anayevua viatu kwa kusimama, hata vijana.

Msalani ndipo pa pili kwa hatari. Mitalawanda, vile viatu vya mbao, iliyobaki kwa wazee iwekwe ukumbusho sebuleni. Juu ya sakafu yenye maji ni mtego. Wekeni kigoda imara karibu na birika au bomba, mgonjwa atawadhe akiwa ameketi. Nimewaona wazee wengi wakiosha miguu kwa kuinua mmoja hadi kwenye sinki huku wakisimama kwa ule mwingine, na huo ni mtihani ambao mtu mwenye presha ya kushuka hapaswi kuufanya mara tano kwa siku. Swala ya kuketi ni ruhusa kwa mgonjwa, na wengi wanaoikataa huikubali wakisikia neno hilo kwa maalim wao kuliko kwa watoto wao.

Dawa za usingizi zipunguzwe kwa ushauri wa daktari, macho yapimwe, na mwenye kisukari apimwe sukari kabla ya kuondoka kituoni. Mazoezi yapo pia, nayo ni rahisi: kuinuka kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono na kuketi tena, mara kadiri awezavyo, katika siku isiyo ya mashine na mtu akiwa karibu. Paja lenye nguvu huokoa nyonga.

Hesabu ya fosfati

Fosfati, ambayo wataalamu wa lishe huihesabu kama fosforasi, ndiyo inayoziamsha zile tezi, na mashine huitoa kwa shida. Kikao cha saa nne hutoa kiasi cha miligramu 800. Mtu anayekula miligramu 1,000 kwa siku hufyonza kama 600, na hizo kwa juma ni 4,200. Anayesafishwa mara mbili kwa juma, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi nchini Kenya, hutolewa 1,600. Anayesafishwa mara tatu, 2,400. Iliyobaki ama izuiwe mlangoni kwa dawa na kwa kuchagua chakula, ama iingie na kuzidi kulimbikizana. Hesabu hii ilinifanya niache kumlaumu mama kwamba anakula vibaya. Ndiyo pia sababu ya kutokosa kikao, na ya kutoomba kutolewa kwenye mashine nusu saa kabla ya wakati ili kuwahi boti.

Fosfati hazifanani. Ile inayotiwa viwandani hufyonzwa karibu yote, zaidi ya asilimia 90. Ya nyama, samaki, mayai na maziwa hufyonzwa kwa kiasi cha nusu. Ya maharagwe, mbaazi na kunde hufyonzwa pungufu zaidi, kwa kuwa imefungwa kwa namna ambayo utumbo wa binadamu hauwezi kuifungua vyema. Basi cha kwanza kuondoka mezani ni soda nyeusi za kola, soseji, na vyakula vya paketi ambavyo maandishi yake yanataja fosfati au namba za E338 hadi E341 na E450 hadi E452. Hata keki na mandazi ya beking pauda yamo, kwa kuwa pauda nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa fosfati. Mahamri yaliyoumuliwa kwa hamira ni afadhali. Mbaazi za nazi hazina haja ya kupigwa marufuku nyumbani, mradi zilowekwe, zichemshwe na maji yamwagwe ili potasiamu ipungue, na kipimo kiwe kidogo.

Kikombe kimoja cha maziwa kina fosforasi ya zaidi ya miligramu 200, na dagaa, ambao huliwa na mifupa yao, ni mzigo mkubwa zaidi. Supu ya mifupa haihamishi mfupa wa ng'ombe kwenda kwa mtu. Inachohamisha ni chumvi, potasiamu na fosfati. Maji ya madafu siyataji kwa mifupa ila kwa moyo, kwa kuwa potasiamu yake huweza kuusimamisha.

Katika kukwepa fosfati msimnyime mgonjwa protini. Mtu wa mashine huhitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mwenye kilo 60, kwa sababu misuli ikinyauka ataanguka hata kama karatasi ya fosfati ni nzuri. Samaki wabichi, changu au tafi, kipande cha ukubwa wa kiganja, na ute wa yai bila kiini, ambao una protini nyingi na fosfati kidogo, ndivyo ninavyovisifu.

Dawa za kufunga fosfati, kama kalsiamu kaboneti au sevelama, hufanya kazi ndani ya chakula tu. Zikimezwa saa moja baadaye, fosfati imekwisha kupita. Kalsiamu kaboneti itafunwe pamoja na matonge ya kwanza, na isimezwe kwa pamoja na vidonge vya damu vya madini ya chuma, kwa kuwa huvizuia visifyonzwe. Siku asiyokula mlo, dawa ya mlo huo nayo iachwe. Mahali inapokosewa zaidi ni harusini: biriani imeletwa, watu wamezunguka sinia, na dawa iko nyumbani juu ya kabati. Mama hubeba vyake katika kikebe cha wanja kilichooshwa, ndani ya mkoba, na huvitafuna bila mtu kujua.

Kuisoma karatasi ya maabara

Kalsiamu na fosfati hupimwa kila mwezi mmoja hadi mitatu, na PTH kila miezi mitatu hadi sita. Hifadhini karatasi zote katika faili moja, kwa sababu namba moja haisemi mengi. Kinachosema ni mwelekeo wake. Familia nyingi hushtuka zikiona PTH imeandikwa kuwa ni ya juu, na hapa inafaa kutulia. Kwa mtu wa mashine, miongozo ya kimataifa ya figo huilenga PTH iwe kati ya mara 2 na mara 9 ya kiwango cha juu cha mtu mzima wa afya. Ikiwa maabara yenu huandika 65 kuwa ni mwisho wa kawaida, basi 130 hadi 585 ndiyo nafasi inayokubalika kwake. Na kinyume chake: PTH ambayo maabara huiona ni ya kawaida kabisa, kwa mgonjwa huyu huweza kuwa ni ile hali ya mfupa uliolala. Mwulizeni daktari namba zinaelekea wapi, na ni dawa ipi itabadilishwa kwa sababu hiyo. PTH ikipanda bila kukubali dawa, huweza kuhitajika operesheni ya kuondoa baadhi ya tezi hizo.

Tahadhari moja ni ya kusisitizwa. Dawa za kawaida za mifupa ya wazee si za kuanzishwa kwa mtu wa mashine bila mtaalamu wa figo. Alendroneti huweza kuulaza zaidi mfupa uliokwisha kulala. Sindano ya denosumabu huweza kuishusha kalsiamu kwa ghafla hadi kuhatarisha maisha, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliitolea onyo lake kali kabisa mwezi Januari 2024 kwa wagonjwa wenye ugonjwa wa figo uliokomaa, hasa walio kwenye mashine.

Akianguka

Msimwinue kwa haraka. Mwulizeni anaumwa wapi, na mtazame miguu. Mguu uliofupika na kugeukia nje, pamoja na maumivu ya kinena, uchukuliwe kuwa ni nyonga iliyovunjika mpaka picha iseme vinginevyo. Asikandwe, asivutwe, wala asisimamishwe kujaribiwa. Ifungeni miguu miwili pamoja kwa leso, mto ukiwa katikati, na abebwe akiwa amelala juu ya ubao au mlango, kwa sababu mkokoteni juu ya mawe ya vichochoroni humtikisa. Mkono uliovunjika ufungwe kwa kitu kigumu na chepesi. Ukiwa ndio wenye fistula, usikazwe, na mwekeeni kiganja juu ya fistula kusikiliza mtetemo. Usipokuwepo, hiyo ni dharura ya pili na isemwe mara moja.

Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ndiyo ya kuanzia. Brufeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa na damu tumboni na humaliza mkojo mdogo uliobaki. Popote mtakapofikishwa, neno la kwanza liwe kwamba huyu ni mgonjwa wa mashine, kwa kuwa kodeini na mofini hujilimbikiza katika mwili usio na figo na kumlaza mtu usingizi usioamka.

Wauguzi wa mashine nao waambiwe juu ya anguko kabla hawajamwunganisha, hata kama halikuacha alama, na zaidi kama kichwa kiligonga. Heparini inayotiwa ili damu isigande ndani ya mashine huweza kugeuza jeraha dogo la ndani kuwa kubwa, na wao wanaweza kuipunguza au kuiacha siku hiyo. Lakini kikao kisiahirishwe nyumbani kwa sababu ya maumivu: misuli iliyopondeka humwaga potasiamu katika damu, na potasiamu haisubiri.

Picha ya eksirei ya siku ya kwanza huweza kuukosa ufa mwembamba. Katika kituo kimoja mama aliambiwa kuwa ni mshtuko wa misuli tu, akapewa dawa ya kuchua na kuambiwa aende nyumbani. Ufa ulionekana katika picha ya pili, siku kumi baadaye, wakati kifundo kilikuwa kimekwisha kuvimba kama andazi. Maumivu yakibaki, au akishindwa kukanyaga, rudini mkaombe picha nyingine au kipimo kinachoona zaidi.

Akisharudi nyumbani, karatasi za maabara zifunguliwe upya pamoja na daktari, kwa kuwa mfupa uliovunjika kwa anguko dogo ni habari juu ya mifupa mingine yote. Kama amepewa kitembezi, angalieni raba za miguu yake kila juma. Mawe na mchanga huzila haraka, na kitembezi kisicho na raba huteleza kuliko mtu. Sisi hununua seti mbili mbili, moja ikiwa inatumika na nyingine ikikaa ndani ya mfuko wa mashine, pamoja na kile kikebe cha wanja na leso ya kufungia buibui.